Alirudi Nyumbani Mara Tatu

Nuri Şahin aliingia Borussia Dortmund akiwa na miaka 12. Akaondoka, akarudi, mwisho akawa bosi. Halafu kibarua kikaota nyasi. Kama na wewe unafikiria kurudi kwenye ofisi iliyokulea, msome huyu bwana kwanza.

Ilikuwa Jumanne, Januari 21, 2025, saa sita na ushee usiku. Mimi si mtu wa mpira, nakiri. Kwangu mpira ni ile kelele inayotoka sebuleni wakati mimi nasoma kitabu chumbani. Lakini usiku ule sikuwa na usingizi. Wiki sita nyuma nilikuwa nimeachishwa kazi, na mtu asiye na kazi hana sababu ya kuwahi kulala. Nikajifunga kanga, nikaenda kukaa na mume wangu kwenye kochi.

Walikuwa wanacheza Bologna ya Italia na Borussia Dortmund ya Ujerumani, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Dortmund walikuwa wanaongoza kwa penalti ya Serhou Guirassy, yule mshambuliaji wa Guinea. Mechi ikaenda, ikaenda, mara ndani ya dakika mbili tu Bologna wakafunga mawili. Mbili moja.

"Mama watoto, mwangalie vizuri kocha wa Dortmund," mume wangu akasema. "Kesho huyu hana kazi."

"Umejuaje?"

"Hii itakuwa ya nne mfululizo anafungwa. Halafu inauma, maana amekulia palepale tangu mtoto."

Hapo ndipo nikaweka simu chini. Amekulia palepale! Nilitazama dakika zilizobaki kama vile namtazama ndugu yangu. Kesho yake mchana habari ikatoka: Dortmund imemfuta kazi Nuri Şahin. Miezi saba tu tangu apewe timu.

Kwa nini iliniuma kiasi hicho? Kwa sababu na mimi nilikuwa nimerudi nilikokulia, na yakanikuta. Nitakueleza, msomaji wangu, lakini kwanza tuanze na Nuri.

MTOTO WA HAPOHAPO

Jina lake la pili linatamkwa Shahin, na kwa Kituruki ni ndege wa jamii ya mwewe. Nuri ni ndugu wa neno letu nuru. Alizaliwa Septemba 5, 1988, Lüdenscheid, mji mdogo magharibi mwa Ujerumani, wazazi wake wakiwa Waturuki. Usishangae kukuta Waturuki huko. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi na Uturuki zilisaini mkataba wa kuleta vibarua wa viwandani. Wengi walikwenda wakidhani ni kazi ya muda, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Watoto wao wakakua na nyumba mbili moyoni.

Nuri alianza kucheza katika timu ya mtaani, RSV Meinerzhagen. Mwaka 2001 akachukuliwa na Dortmund, timu ya vijana.

Sasa kumbuka hali ya Dortmund wakati ule. Klabu ilikuwa imekopa mpaka imekopeka, na Machi 2005 iliponea chupuchupu kufilisika. Klabu isiyo na hela ya kununua mastaa huwatazama watoto wake kwa jicho jingine. Agosti 6, 2005, kocha Mholanzi Bert van Marwijk akampanga Nuri dhidi ya Wolfsburg. Hakuwa ametimiza hata miaka 17. Akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Rekodi hiyo ilidumu miaka 15, mpaka 2020 ilipovunjwa na mtoto mwingine wa Dortmund hiyohiyo, Youssoufa Moukoko.

Mwaka huohuo wa 2005 alikuwa ameshatwaa Kombe la Ulaya la vijana chini ya miaka 17 akiwa na Uturuki. Oktoba akaitwa timu ya wakubwa, mechi ya kirafiki, Istanbul. Wapinzani? Ujerumani! Mtoto wa miaka 17 akafunga dhidi ya nchi aliyozaliwa, Uturuki ikashinda mabao 2–1. Ukitaka kujua maana ya kuwa na nyumba mbili, fikiria usiku ule.

KWENDA NA KURUDI

Baada ya mwanzo wa kishindo, mambo yakapoa. Hutokea. Msimu wa 2007/08 akatolewa kwa mkopo Feyenoord ya Uholanzi, akamkuta tena van Marwijk. Akacheza, akapata uzoefu, wakatwaa Kombe la Uholanzi. Mwaka 2008 akarudi Dortmund.

Hiyo ndiyo safari yake ya kwanza ya kurudi nyumbani, na ilikuwa tamu. Alimkuta kocha mpya, Jürgen Klopp, na kundi la vijana wenye njaa: Mats Hummels, Neven Subotić, baadaye Shinji Kagawa na Robert Lewandowski. Nuri alikuwa kiungo wa kati. Kwa wale wenzangu wa chumbani, kiungo ni yule anayepokea mpira nyuma na kuamua uende wapi. Hafungi sana, lakini asipokuwepo timu nzima inababaika. Ni kama yule mtu wa ofisini ambaye cheo chake hukijui vizuri ila siku akiumwa hakuna kinachokwenda.

Msimu wa 2010/11 Dortmund wakawa mabingwa wa Ujerumani, mara ya kwanza tangu 2002. Wachezaji wenzake wa ligi nzima wakamchagua kuwa bora wa msimu. Alikuwa na miaka 22.

Na hapo simu ikaita kutoka Madrid.

BIBI HARUSI ASIYEITWA UKUMBINI

Jamani, Real Madrid wakikupigia utasema hapana? Nuri alisema ndiyo. Mkataba wa miaka sita. Kocha ni José Mourinho. Jirani kwenye kabati la nguo ni Cristiano Ronaldo.

Kumbe alikwenda na goti bovu. Aliumia Aprili 2011, kabla msimu wa Ujerumani haujaisha. Wenzake wakaanza kazi, yeye yuko na madaktari. Mpaka anavaa jezi kwenye mechi ya ligi ni Novemba, na nafasi yake imeshajaa watu. Msimu mzima wa ligi alicheza mechi nne. Nne! Madrid ikatwaa ubingwa kwa pointi 100, naye akapata medali, lakini ilikuwa kama harusi ambayo bibi harusi amekaa chumbani tangu asubuhi hadi usiku hajaitwa ukumbini.

Agosti 2012 akatolewa kwa mkopo kwenda Liverpool. Alianza vizuri, Septemba akafunga mawili dhidi ya West Bromwich kwenye Kombe la Ligi. Lakini baadaye alilalamika hadharani kwamba kocha alimchezesha juu, karibu na washambuliaji, mahali pasipo pake. Miezi mitano tu, ikawa basi.

Januari 2013 akarudi Dortmund. Mara ya pili.

Wengi wetu tumewahi kuwa hapa. Umetoka kwa mbwembwe, umepigiwa makofi ya kuagwa, keki imekatwa. Miaka miwili baadaye unarudi na begi lilelile, unajiuliza watanicheka? Dortmund hawakumcheka. Wana uwanja unaoingiza watu zaidi ya 81,000, na upande mmoja wanasimama kama 25,000 kwa pamoja, wote njano. Walimpokea kama mtoto wa nyumbani. Lakini kiti chake kilikuwa na mtu. Ilkay Gündoğan alinunuliwa mwaka uleule alioondoka, na alikuwa amekikalia vizuri. Mei 2013 timu ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa, London, ikafungwa na Bayern Munich 2–1, na Nuri hakuwa kwenye wale kumi na moja wa kwanza.

Alibaki hadi Agosti 2018. Majeraha yalimla sana. Yule bora wa 2011 hakuonekana tena kwa kiwango kile, na hakuna aliyemfukuza kwa hilo.

MLANGONI

Kuna usiku mmoja katikati ya miaka ile ambao lazima niusimulie, hasa kwa nyinyi mnaosoma ukurasa huu wawili wawili kitandani.

Aprili 11, 2017, basi la Dortmund lilikuwa linatoka hotelini kwenda uwanjani kucheza na Monaco. Mabomu matatu yaliyofichwa kando ya njia yakalipuka. Beki Marc Bartra akaumia mkono, vioo vikapasuka, watu wazima wakalala sakafuni. Na unajua kilichofuata? Mechi ikachezwa kesho yake! Hata saa 24 hazijatimia. Dortmund wakafungwa 3–2.

Nuri aliingia kipindi cha pili. Baada ya mechi alihojiwa na televisheni, na macho yake yalisema kabla mdomo haujafunguka. Alieleza kwamba hadi alipokanyaga nyasi hakuwa amefikiria mpira hata kidogo. Na kwamba usiku ule wa mlipuko alipofika kwake akamkuta mkewe na mtoto wao wa kiume wanamsubiri mlangoni, hapo ndipo alipojua walikuwa na bahati kiasi gani.

Nimeiangalia video ile mara nyingi. Mtu aliyefika Madrid, aliyeshangiliwa na watu 81,000, anahesabu bahati yake kwa watu wawili mlangoni.

KURUDI KAMA BOSI

Baada ya Dortmund alikwenda Werder Bremen, kisha 2020 akaelekea Uturuki, Antalyaspor. Msimu ule Mbwana Samatta wetu naye alikuwa ligi hiyohiyo na Fenerbahçe, kwa hiyo huenda ulimwona Nuri bila kujua.

Oktoba 2021 Antalyaspor wakamtimua kocha. Badala ya kuagiza mzee wa busara kutoka mbali, wakamgeukia mchezaji wao wa miaka 33: chukua wewe. Jana anabadili nguo na wenzake, leo anawapangia kikosi. Wengi walidhani ni wazimu. Timu ikamaliza ligi nafasi ya 7.

Dortmund, ambao kule nyuma wanamwangalia mtoto wao, wakamwita awe kocha msaidizi wa Edin Terzić kuanzia Januari 2024. Kurudi mara ya tatu. Miezi mitano baadaye timu ikafika tena fainali ya Ligi ya Mabingwa, uwanja uleule wa Wembley, na waliowafunga 2–0 ni Real Madrid. Terzić akajiuzulu Juni, na siku moja baadaye Nuri akatangazwa kocha mkuu. Miaka 35, mkataba hadi 2027. Mji mzima ukafurahi.

Hapa naomba nisimame, nikusimulie ya kwangu.

Nilianza kazi mwaka 2010 nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha redio hapa Dar. Nikapikwa pale, nikaondoka 2016. Februari 2024 wakaniita nirudi, mkuu wa vipindi. Nililia kwa furaha, mume wangu shahidi. Nilijua kila kona ya jengo lile, hata bomba la maji lisilofunga. Na nilimkuta shosti wangu, tuliyekuwa tunakula naye chipsi mayai sahani moja kwa sababu mshahara hautoshi sahani mbili. Alikuwa na kipindi chake Jumamosi.

Mwezi wa tano nikaletewa hesabu. Kipindi kile kilikuwa hakiingizi tangazo hata moja. Nikakaa na karatasi ile wiki mbili, nikaifunika, nikaifunua. Mwisho nikamwita. Nilipomaliza kuzungumza akaniangalia, akasema, "Sawa, bosi." Miaka 14 ameniita shosti. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuniita bosi, na hakurudi nyuma tena.

Desemba na mimi nikaitwa chumba cha pili. Mapato hayajapanda, asante kwa mchango wako. Sikupewa hata wiki.

Ndiyo maana nilipoanza kufuatilia msimu wa Nuri nilikuwa nasoma kama barua niliyoandikiwa mimi. Kiangazi kile alichopewa timu, Hummels na Marco Reus, watu aliocheza nao miaka na miaka, wote wakaondoka. Jina la klabu lilikuwa lilelile, rangi zilezile, lakini watu aliowazoea hawapo. Nyumbani timu ilikuwa inapendeza, ikaipiga Celtic 7–1 Oktoba. Wakitoka nje tu, balaa. Stuttgart wakawapiga 5–1. Madrid, palepale alipokaa benchi, waliongoza 2–0 hadi mapumziko, wakafungwa 5–2. Ushindi wa kwanza wa ligi ugenini ulikuja Desemba 22! Januari ikafunguka na Leverkusen, ikafuata Holstein Kiel waliokuwa karibu na mkia, kisha Frankfurt, kisha Bologna. Zote kachapwa. Timu ikawa nafasi ya 10.

Mashabiki walimpenda bado. Viongozi waliomfuta walikuwa wamemjua tangu mtoto. Hakuna aliyemchukia, na bado alifukuzwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Niko Kovač, ambaye hakuwahi hata kuivaa jezi ya Dortmund, na msimu ukaisha timu iko nafasi ya 4.

Hilo lilinichoma, halafu likanitibu. Mwezi mzima nilikuwa najiuliza, walinichukia? Niliwakosea nini? Kumbe swali langu lilikuwa baya. Waliniita kwa sababu ya yule binti wa 2010 waliyempenda, na mimi nikakubali kwa sababu hiyohiyo. Hakuna upande uliokaa chini ukauliza: huyu wa 2024 anakuja kufanya nini hasa, kwa muda gani, na tutajuaje kama ameweza?

KABLA HUJASEMA NDIYO

Simaanishi usirudi. Kurudi kwa Nuri mwaka 2008 ndiko kulikomfanya bingwa. Ila kabla hujajibu ile simu, kaa na mwenzi wako mpitie haya:

1. Unarudi kwenye kazi au kwenye kumbukumbu? Omba kuwaona watu walioko sasa, hesabu za sasa, matatizo ya sasa. Usikubali kwa sababu tu mlinzi wa getini anakumbuka jina lako.

2. Cheo kimebadilika, urafiki utabadilika. Zungumza na rafiki zako wa zamani siku ya kwanza, kabla karatasi ngumu haijafika mezani. Mimi nilisubiri miezi mitatu. Nilichelewa.

3. Iandikeni. Mapenzi ya ofisi hayamo kwenye mkataba. Malengo, muda, na mtaachana vipi mkishindwana, vyote viwe kwenye maandishi.

4. Mjulishe aliye mlangoni. Mume, mke, mchumba, ajue mapema kwamba hii inaweza isidumu, na bajeti ya nyumba ijue hivyohivyo. Akiba ya miezi sita si ushamba.

MLANGO MWINGINE

Septemba 2025 Nuri Şahin alipewa kazi nyingine, Istanbul, klabu ya Başakşehir. Huko hakuna aliyemwona akiwa na miaka 12. Mimi nami niliajiriwa na gazeti hili, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba niliwahi kumwaga chai kwenye mashine ya matangazo.

Shosti wangu nilimpigia simu baada ya mwezi wa pili. Simu iliita mara tatu siku tatu tofauti, ya nne akapokea. Tulikutana Mwenge, tukaagiza chipsi mayai, sahani mbili. Nilimwambia kilichonifanya nifunge kipindi chake, na nilichopaswa kumwambia mapema. Alinisikiliza. Hatujawa kama zamani, sitakudanganya. Lakini tulipoagana hakuniita bosi.

Na ile siku ya Desemba nilirudi nyumbani kwa bajaji, boksi la vitu vyangu mapajani: kikombe, viatu vya akiba, picha ya watoto. Sikuwa nimempigia mume wangu, nilishindwa. Sijui alijuaje. Nilimkuta amesimama getini. Akachukua boksi, akaniangalia, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Umekula?"